Mwaloni wa kimo cha goti haukudumaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nisahihishe jambo moja katika makala yenu kuhusu miti ya dunia. Mwandishi ameueleza vizuri mwaloni wa Ulaya, ule ambao shina lake watu watatu wakishikana mikono hawalizunguki, na hapo sina neno. Alipofika kwenye mialoni mifupi ya Marekani, akaipitia kwa mkato: akasema ni miti iliyodumaa kwa ukame na udongo mbaya, ikabaki vichaka visivyo na faida. Nimefanya kazi katikati ya miti hiyo misimu mitatu, sehemu kubwa ya muda huo nikiwa nimepiga magoti. Haikudumaa. Na hilo la faida limeniuma zaidi, kwa sababu nimeona kinachoupata mti watu wakishauita kichaka.

Nilikuwa msaidizi wa utafiti wa mimea magharibi mwa Texas, kwenye ukanda wa mchanga unaovuka mpaka na kuingia New Mexico. Asubuhi ya kwanza mkuu wetu wa kazi alisimamisha gari, akasema tumefika msituni. Nikatazama kila upande. Niliona vilima vya mchanga, mbingu, na majani ya kijani yaliyokomea chini ya kiuno changu. Akainama, akachuma kokwa moja, akaniwekea kiganjani: kokwa ya mwaloni isiyopungukiwa na kitu, na kikofia chake cha magamba, nene kuliko ncha ya kidole gumba changu. Mti ulioizaa ulinifika gotini. Nilisimama pale, mrefu kuliko msitu mzima.

Mti huo kitaalamu huitwa Quercus havardii, kwa heshima ya Valery Havard, daktari wa jeshi la Marekani mzaliwa wa Ufaransa, aliyekusanya mimea ya pande hizo katika karne ya 19. Wenyeji huuita shinnery. Wengi wao hudhani jina hilo limetoka kwenye neno lao la muundi wa mguu, "shin", kwa kuwa mti wenyewe hauvuki sana hapo. Asili yake ni Kifaransa cha Louisiana, kutoka neno la mahali penye mialoni. Kwa hiyo watu waliolitunga jina walijua wanachokitazama. Waliokuja baadaye ndio waliosahau.

Kazi yetu ilikuwa kuhesabu. Tulikuwa na fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja. Unailaza chini, unapiga magoti, unahesabu mashina yaliyomo ndani yake, unaandika, unasogea. Juma la kwanza niliandika kwenye daftari "miti 31", "miti 44", na jioni mkuu wetu akalifuta neno "miti" kila mahali na kuandika "vijiti". Sikuelewa sababu mpaka aliponipeleka kwenye kilima ambacho upepo ulikuwa umekila upande mmoja, ukaacha ukuta wa mchanga uliosimama wima. Kwenye ukuta ule mti ulikuwa wazi mpaka chini. Vijiti vya juu, vile nilivyokuwa nikivihesabu, vilikuwa vinene kama kalamu. Chini yake yalilala mashina yanayotambaa ndani ya mchanga, mengine mazito kama mkono wangu juu ya kiwiko, yakiungana, yakigawanyika, yakizama kuliko nilivyoweza kuyafuata kwa koleo. Hesabu yangu yote ya siku nzima ilikuwa ncha za mti mmoja.

Wanaoujua mwaloni huu wanakadiria kwamba karibu tisa ya kumi ya uzito wake uko chini ya ardhi. Ukame ukizidi, huchelewa kutoa majani na kungoja. Moto ukipita juu, vijiti huteketea, na baada ya majuma machache ardhi hujaa machipukizi mekundu. Mchanga ukiufukia, hupanda nao. Mti uliodumaa ni ule ulioshindwa kufikia kimo chake. Huu umekifikia, na tunaupimia upande usiohusika.

Niseme na la wafugaji, kwa sababu si haki kuwalaumu bila kueleza. Majira ya kuchipua, kwa majuma machache, machipukizi na majani machanga ya mwaloni huu huwa na tanini nyingi, ile kemikali kali ya mimea. Ng'ombe wakiyala kwa wingi huharibika figo, wengine hufa. Mfugaji anayepoteza mifugo kila mwaka hawezi kuupenda mti huo, nami simlaumu. Basi kwa miongo kadhaa maeneo mapana yalitiwa dawa ya kuua mimea iitwayo tebuthiuron, chembechembe zinazomwagwa, zikayeyuka kwa mvua na kunywewa na mizizi. Sehemu nyingine zililimwa kwa pamba. Kisha vikaja visima vya mafuta na barabara zake, na siku hizi mashimo ya kuchimba mchanga unaotumika kupasulia miamba yenye mafuta.

Nilipita katika shamba moja lililotiwa dawa miaka mingi kabla ya sisi kufika. Bondeni nyasi zilikuwa nzuri, hilo ni kweli. Lakini juu ya vilima mchanga ulikuwa umefunguka na kuanza kutembea. Waya wa juu wa uzio ndio pekee uliokuwa ukionekana, nyaya nyingine zilikuwa zimefukiwa, na mwenye shamba alikuwa amejenga uzio mpya hatua chache nyuma. Mashina yale yanayotambaa ndiyo yaliyokuwa yakikishika kilima kile. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu kwenye ramani ya mashamba eneo lote lilikuwa limeandikwa kichaka.

Katika mashimo ambayo upepo huyachimba katikati ya mialoni hiyo huishi mjusi mdogo wa rangi ya mchanga, Sceloporus arenicolus, ambaye hapatikani popote ila kwenye vilima hivyo vya New Mexico na Texas. Nilimwona mara nne katika misimu mitatu. Humwoni anapotulia. Unaona mchanga unatikisika kando ya majani makavu, basi amezama. Pasipo mwaloni ule kilima kinasambaa, shimo linapotea, naye hana pa kwenda. Mei 2024 serikali ya Marekani ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwandishi wenu angekuwa ameuliza faida ni ipi, ningeanzia hapo.

Kuhusu umri nataka kukaa kidogo, maana ndipo neno "kudumaa" linapokosea zaidi. Huko California, katika wilaya ya Riverside, kwenye vilima vya Jurupa, kuna mwaloni wa aina ya Quercus palmeri uliojibana kati ya miamba. Kimo chake ni kama mita moja. Urefu wake kutoka upande mmoja hadi mwingine ni kama mita 25, na ukiutazama ungesema ni vichaka kadhaa vilivyosongamana. Wanasayansi walipouchunguza, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009, walikuta kwamba vishina vyote ni vya mti mmoja, havitofautiani kwa chembe za urithi. Walihesabu pete za mbao kwenye vijiti vyake, wakaona kwamba huongezeka kwa kasi ndogo mno, kisha wakarudi nyuma kwa hesabu. Walifikia miaka isiyopungua 13,000.

Miaka 13,000, Mhariri. Mti huo ulichipua barafu ya kale ikiwa bado imefunika sehemu za kaskazini mwa bara lile. Ndugu zake wa aina hiyohiyo leo hukaa milimani juu zaidi, penye baridi na unyevu. Huu umebaki peke yake katika kilima kikavu cha joto kwa sababu kulipobadilika hali ya hewa haukuwa na mahali pa kuhamia, ukaendelea kuchipua papo hapo, kila baada ya moto, bila kuzaa kokwa inayoota. Niliwahi kwenda kuutazama kutoka chini ya kilima. Haukuwa na kitu cha kumsimamisha mpita njia. Miaka ya karibuni kumekuwa na mpango mkubwa wa kujenga nyumba na majengo ya biashara jirani na pale, na ubishi wa muda mrefu juu ya umbali gani uachwe kati ya kuta na mti. Anayepima kwa kimo ataona mita moja ya kichaka. Ndiyo maana napigania maneno.

Sasa nikiri kwamba mwandishi wenu ana nusu ya hoja, si kwa mwaloni wa mchangani, bali kwa mingine. Quercus gambelii, mwaloni wa milima ya Utah na Colorado uliopewa jina la mwanaviumbe William Gambel, hubadilika kufuatana na mahali. Kwenye mteremko mkavu wenye mawe utaupita ukiwa umekufika kifuani, umesongamana mpaka mtu hapenyi. Shuka bondeni penye udongo mzito na maji, utaukuta ni mti kamili unaoweza kukaa kivulini mwake. Hapo udongo una neno. Lakini hata ule wa mteremko una mizizi na vinundu vya mbao chini, navyo huchipua tena na tena, na msongamano wake si wa kuchezea. Tarehe 6 Julai 1994, kwenye mlima Storm King karibu na Glenwood Springs, Colorado, upepo uliusukuma moto kupanda mteremko ndani ya mialoni hiyo, na wazimamoto 14 wakafa. Wengi wao walikuwa wakipanda kuukimbia. Nimekutana na watu wa kazi ile. Hawaiiti mialoni hiyo midogo.

Mwaloni wa Gambel ulimpa pia mtaalamu wa mimea wa Utah, Walter Cottam, ushahidi wa ajabu. Yeye na wenzake walichunguza miti chotara kaskazini mwa jimbo hilo, yenye nusu ya Gambel na nusu ya mwaloni mwingine mfupi, Quercus turbinella, ambao siku hizi haupatikani ila kusini, mamia ya kilomita kutoka pale. Mzazi mmoja aliondoka, mtoto akabaki. Katika maandishi yao ya mwaka 1959 walieleza kwamba zamani kulikuwa na kipindi chenye joto zaidi ambapo ule wa kusini ulifika kaskazini, kisha baridi ikaurudisha. Vichaka hivyo vilikuwa vimetunza habari hiyo vikingoja mtu wa kuinama.

Na kuna mialoni iliyofupishwa na meno. Sisi tunaozungumza Kiswahili, wengi wetu neno mwaloni tulilipata kwanza kwenye Biblia, kwenye mialoni ya Mamre alipokaa Abrahamu mlangoni pa hema lake. Tukajichorea mti mkubwa, na huenda ulikuwa mkubwa. Lakini ukipita leo kwenye vilima vya Galilaya au Karmeli, mwaloni wa kawaida ni Quercus calliprinos, wenye majani madogo magumu yenye miiba ukingoni, na mara nyingi hauzidi kimo cha mtu, kwa sababu umekatwa kuni na kugugunwa na mbuzi kwa maelfu ya miaka na kila mara ukachipua chini. Ukiachwa, hupanda. Mti wa Hebroni ambao wasafiri walionyeshwa kuwa ndio wa Abrahamu ulikuwa wa aina hiyohiyo. Ulikauka miaka ya 1990, mabaki yake yakaanguka mwaka 2019. Ndugu yake, Quercus coccifera, amejaa Hispania, kusini mwa Ufaransa, Ugiriki, na katika bara letu Moroko, Aljeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna mwaloni wa asili hata mmoja, na hii ndiyo sababu nyingine ya barua yangu: wasomaji wenu wengi hawatakutana na mti huu ila kwenye gazeti lenu.

Huo wa Bahari ya Kati nao si mti wa bure. Juu ya vijiti vyake huishi mdudu asiyetembea, wa kike, mviringo kama punje ya choroko, anayeitwa kermesi. Wakamkusanya, wakamkausha, wakamsaga, na kutoka kwake ikapatikana rangi nyekundu iliyotia vazi la wafalme na makuhani kwa karne nyingi, mpaka rangi ya mdudu mwingine wa Mexico ilipoingia sokoni katika karne ya 16 na kuishinda. Watu wa kale walidhani ni mbegu ya mti, na jina coccifera maana yake ni mwenye kubeba punje hizo. Rangi hiyo ilichumwa kwenye vichaka vinavyofika kiunoni. Kwenye mwaloni mrefu wangehitaji ngazi.

Nilikuwa nimekusudia kusema pia juu ya mwaloni wa dubu, Quercus ilicifolia, wa pwani ya mashariki ya Marekani, unaomea kwenye mchanga penye misonobari mifupi huko New Jersey na visiwa vya Massachusetts, na nondo mweusi mwenye mkanda mweupe ambaye viwavi wake huula. Nafasi haitatosha. Lakini Florida siwezi kuiruka.

Katikati ya Florida kuna uti wa mchanga wa kale uitwao Lake Wales Ridge, mabaki ya fukwe na matuta ya wakati bahari ilipokuwa juu zaidi. Juu yake humea aina kadhaa za mwaloni mfupi zikiwa zimechanganyikana: wa Chapman, wa majani kama mihadasi, na mmoja, Quercus inopina, wa mchanga wa jimbo hilo tu. Hapo anaishi ndege wa buluu na kijivu asiyepatikana popote duniani nje ya Florida, ambaye tangu mwaka 1987 yumo kwenye orodha ya walio mashakani. Huishi kwa familia, watoto wakubwa wakisaidia kulea wadogo. Majira ya kokwa, ndege mmoja hufukia mchangani kokwa 6,000 hadi 8,000, kisha hurudi kuzifukua miezi yote ya uhaba, na anakumbuka alikoziweka. Watafiti wa kituo cha Archbold, kilichoanzishwa mwaka 1941, wamewafuatilia ndege hao kizazi baada ya kizazi.

Ndege huyo anataka mialoni ya mita moja hadi mbili, na mchanga ulio wazi katikati yake. Watu walipojenga jirani na kuanza kuzima kila moto, mialoni ikarefuka na kufunga. Mtu angesema imestawi. Mwewe wakapata pa kujificha, mchanga wa kufukia kokwa ukafunikwa, na familia za ndege zikahama au zikafa. Siku hizi wahifadhi huichoma mialoni hiyo kwa makusudi, kwa zamu, kila baada ya miaka kadhaa, ili irudi kuwa mifupi. Nilishiriki siku moja kama mtazamaji, nimesimama nyuma ya mstari wa moto na pampu ya maji mgongoni. Nilirudi baada ya miezi miwili nikakuta majani mapya yamenifika kwenye vifundo vya miguu, na juu ya kijiti kilichoungua ametua yule wa buluu, kokwa mdomoni.

Ninachoomba ni masahihisho, hata yakiwa pembeni mwa ukurasa. Pale palipoandikwa kwamba mialoni hiyo imedumaa, muandike kwamba ni miti iliyokomaa, mingi yao mwili wake uko chini ya ardhi, na mingine ni mikongwe kuliko mwaloni wowote mrefu unaojulikana. Pale palipoandikwa "visivyo na faida", mpafute. Na kama mtachapa picha, tafuteni yenye kokwa zinazoonekana, na mtu amesimama kando ya mti ili kimo kijulikane.

Wenu,
Msaidizi wa utafiti wa mimea, sasa mstaafu